Barua Iliyokuwa Ndani ya Kompyuta ya Baba

Baba yangu alikosa mazishi ya baba mkwe wake kwa sababu alikuwa analinda kompyuta. Nalisema hili mapema ili msomaji asimwonee huruma kabla ya wakati wake. Wala si kwamba kuna mtu aliyekuwa ametishia kuiba kompyuta yenyewe. Ilikuwa imefika kambini siku mbili tu kabla ya msiba, ilikuwa haijawashwa bado, na katika kambi nzima hapakuwa na mtu aliyejua inawashiwa wapi.

Tulikuwa tunaishi katika kambi ya jeshi, Jinja. Baba ni mtu wa kaskazini, mama ni Mgisu wa milimani juu ya Mbale, na lugha pekee iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho majirani zetu raia walikiogopa kwa sababu waliwahi kukisikia kwa watu wenye bunduki. Sisi tulikitumia kuombana chumvi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kazi ya baba ilikuwa kutunza ghala la silaha. Basi kompyuta ilipoletwa, wakubwa wakakuna vichwa wailaze wapi. Ilikuwa kitu cha thamani, na vitu vya thamani vyote kambini vililala kwa baba. Ikaingizwa ghalani, ikapewa nafasi kati ya bunduki na masanduku ya risasi, na baba akaiandika daftarini kwa mwandiko wake uliosimama wima: Kompyuta, moja. Vipande vinne. Haina risasi.

Habari ya kifo cha babu ilifika Jumanne. Alhamisi tulikuwa tunazika, na Alhamisi hiyohiyo mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa anakuja kuitazama kompyuta. Amri ikatoka kwamba mtunza ghala asibanduke. Baba hakumweleza mama kwa mdomo. Alimletea karatasi ya amri, yenye muhuri, akaiweka juu ya meza pembeni ya sahani ya mboga, akasimama.

Mama akaisoma yote, hata namba ya faili. Kisha akafunga mizigo, akanishika mkono, tukaenda kuzika. Kule milimani kila mtu aliuliza, "Mkwe yuko wapi?" na mama alijibu jibu moja kwa wote: "Analinda televisheni haina picha."

Mkubwa alikuja, nikaja kusimuliwa baadaye. Alitazama kompyuta kwa muda unaotosha kumaliza soda moja, akauliza, "Ndiyo hii?" Wakamwambia ndiyo. Akaondoka.

Mama aliporudi aliacha kumwita baba "mzee." Akaanza kumwita "Afande," kama watu wa nje. Na akaacha kupika malewa. Kwa asiyejua, malewa ni machipukizi ya mwanzi, yanakaushwa kwa moshi, yanalowekwa mpaka yalainike, halafu yanapikwa na karanga iliyosagwa. Ndicho chakula cha heshima cha kwao mama, na baba, ambaye kwao hawajui mwanzi unaliwa, alikuwa amekipenda kuliko wenyewe. Mama alimtangazia adhabu yake mchana kweupe, mbele ya nyumba, jirani wakisikia.

"Wewe unakataa kuja kwa msiba, unaniletea karatasi," alisema. "Sasa na pole yako ikuje kwa karatasi. Siku nashika hiyo karatasi mkononi, siku hiyo nakupikia malewa."

Baba alipiga kisigino, akageuka, akaenda kazini. Tulidhani amepuuza.

Kumbe hakupuuza. Wiki hizo alikuwa anaizoea ile mashine. Aliweka sheria kwamba hakuna kuingia na viatu, hata mkuu wa kambi alikuwa anaingia na soksi, na moja yake ilikuwa na tundu. Kila Ijumaa aliifungua na kuisafisha kama anavyosafisha bunduki: anatandika blanketi la kijivu, anapanga vipande kwa mstari, anafuta, anarudisha. Ndiyo maana mpaka leo nikifungua kompyuta ya mteja naona blanketi. Nilijifunza mlangoni pale, nikiwa peku, kwamba kipande hiki kinafikiri, kile kinatunza, na kile chenye feni ni cha kupoza, kwa sababu kufikiri kunaleta joto. Baba alisema vipande hivyo kwa sauti ya gwaride na mimi nilimjibu. Kosa lake lilikuwa moja tu, kupaka kibodi mafuta ya bunduki. Kwa mwezi mzima herufi A ilikuwa ikibonyezwa haitaki kurudi juu.

Aliyejua kuitumia alikuwa karani, mwanamke raia aliyeletwa baadaye kuandika orodha za zamu. Yeye alimwonyesha baba mahali pa kuwashia na jinsi ya kufungua ukurasa mtupu. Akaishia hapo, kwa sababu alidhani baba anauliza ili ajue tu.

Siku tatu mfululizo baba alikaa ghalani akibonyeza herufi kwa kidole kimoja cha kila mkono. Siku ya tatu alirudi nyumbani mchana, akavua kofia, akamwambia mama maneno ambayo nyumba yetu ilikuja kuyasikia miaka kumi na tisa:

"Barua yako imeisha. Iko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya kompyuta."

"Itoe."

"Mashine ya kuchapa bado haijaletwa. Lakini barua iko. Kurasa tatu. Mimi naandika mpaka vidole inauma."

Mama alimtazama kama mtu anayeambiwa ng'ombe wake yuko ndani ya kiberiti.

Mashine ya kuchapa haikuletwa kamwe. Iliagizwa, ikasubiriwa, ikasahauliwa, kama mambo mengine mengi. Kila mama alipoenda kwao alirudi na furushi la malewa, akawapikia wageni, akanipikia mimi, akawapelekea jirani, na baba akapewa maharagwe kwenye sahani ileile ya siku zote. Alikula yakaisha. Nilimwonea uchungu, na pia nilicheka, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi ndefu kila alipopita karibu na jiko.

"Andika nyingine kwa kalamu," nilimshauri siku moja. Mama ndiye aliyejibu, kutoka uani.

"Sitaki nyingine! Ya sasa itakuwa imeandikwa na tumbo. Nataka ile ya wiki ile."

Basi nikasomea kompyuta. Watu wanaponiuliza nilivutwa na nini, huwa nawatajia maendeleo ya dunia. Ukweli ni kwamba mama aliuza cherehani yake ya pili akanilipia masomo na kuniambia, "Nenda usome hicho kitu, uje unitolee barua yangu." Nilipohitimu nilifungua duka la kutengeneza kompyuta na simu mjini Mbale, si mbali na mnara wa saa, nikajiona mwokozi wa familia. Nikaenda Jinja na bisibisi zangu. Baba alikuwa amestaafu, wamehamia nyumba ya kupanga Walukuba, na kompyuta ilikuwa sebuleni. Wenzake walipostaafu waliomba mabati au baiskeli. Yeye aliomba ile kompyuta, ambayo kambi ilikuwa imeshaitupa kwenye kona na nyingine kumi zilizokufa, na waliompa walimcheka. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, si kwa mapenzi, bali asiione.

"Baba, niifungue?"

"Usiguse."

"Nikutolee barua."

Akanitolea macho yale ya gwaride. "Wewe ni mtoto. Mtoto hasomi barua ya baba yake kwa mama yake. Hata fundi wa Bugembe alikuja, nikamfukuza. Hiyo ni siri."

Hapo ndipo tulipokwama miaka sita. Mama alitaka barua. Baba alitaka malewa. Mtu pekee aliyeweza kuwapatanisha alikuwa mimi, nami nilikuwa nimekatazwa kusoma. Na wakati sisi tunavutana, kompyuta zenyewe hazikutungoja. Zilizoletwa dukani kwangu mwanzoni zilikuwa na skrini zenye mgongo mkubwa, zinabebwa na watu wawili kama mgonjwa. Kisha mgongo ukaisha, skrini zikawa bapa. Zikaja za kukunja. Diski bapa za plastiki zilizokuwa zinabeba barua moja ndefu zikafa, tukaanza kuning'iniza flashi shingoni. Kisha simu. Nilimwambia baba kwamba simu iliyomo mfukoni mwake inafikiri haraka na inatunza mambo mengi kuliko kompyuta yake mara nyingi mno. Aliitoa, akaipima mkononi, akaipima kwa macho na ile iliyo chini ya kitambaa.

"Hii?" alisema. "Hii nyepesi? Hapana." Na akairudisha mfukoni.

Kilichotukwamua ni saruji. Wajomba zangu waliamua mwaka huu kujengea kaburi la babu. Siku zote lilikuwa tuta la udongo tu, na kila mvua lilipungua. Mafundi wakaitwa, siku ikapangwa, Jumamosi. Mama alitangulia kwao Jumatano. Kabla ya kuondoka alimwambia baba jambo moja tu, nalo alilisema kwa upole, ndiyo maana lilimkata maini: "Afande, kama huna barua, usikuje. Ndugu zangu wataniuliza tena, na mimi nimechoka kujibu."

Kwao mama, mkwe anapozika hutupa udongo wake kwa mkono wake. Baba alikuwa hajautupa. Ukishamwaga saruji juu, hakuna tena pa kutupa udongo.

Ijumaa asubuhi nilikuta mtu mrefu amesimama wima mbele ya duka langu kabla sijafungua, na furushi la blanketi la kijivu miguuni. Ni yeye. Alikuwa amevaa kaunda suti yake ya kanisani na viatu vinavyong'aa. Alipoingia alivivua mlangoni.

"Huku hatuvui, Baba."

"Huku ndani ni kompyuta ngapi?"

"Kama ishirini."

"Basi mnavunja sheria mara ishirini," akasema, akabaki na soksi.

Akaweka masharti. Nitoe barua bila kuisoma. Ikitokea kwenye skrini nifumbe macho, yeye atanielekeza. Nikamwuliza atanielekezaje wakati hajui kitu. Akasema amewaelekeza wanaume wenye bunduki gizani. Sikubishana naye. Mteja wangu wa kwanza wa siku hiyo, mama wa kuuza nyanya aliyekuja kuchukua simu yake, aliamua kuketi kabisa.

Nilifungua blanketi, kisha boksi la kompyuta. Vumbi la miaka lilikuwa limejipanga, hata vumbi liliogopa kuketi ovyo mbele ya baba. Kompyuta yenyewe haikuwaka, ubao wake wa umeme ulikuwa umeoza, lakini nilijua hilo si kitu. Nikachomoa diski, kile kipande kinachotunza, nikaiunganisha na kompyuta yangu, nikawasha umeme. Ikakohoa. Ikazunguka.

Mafaili yakatokea, majina tu. Orodha ya zamu. Orodha ya zamu mpya. Orodha ya zamu mpya kabisa. Posho na maharagwe. Enzi zile ukitunza maandishi bila kuyapa jina, mashine iliyapa jina kwa maneno yake ya kwanza. Nikashuka, nikashuka, nikafika kwenye faili moja iliyoitwa "na hapo ndipo nikakosa."

"Ni hii," nikasema.

Baba akasogea, akasoma hilo jina. "Hiyo ni ukurasa ya tatu. Ya kwanza na ya pili iko wapi?"

Nikatafuta. Nikatafuta kwa jina, kwa tarehe, kwa programu za kufufua vilivyofutwa. Nikatafuta mpaka muuza nyanya akasinzia. Hapakuwa na kitu.

"Baba, siku ya kwanza ulipomaliza kuandika ulifanya nini?"

"Saa kumi na moja nilizima swichi ya ukutani. Sheria ya ghala. Kila kitu inazimwa."

"Kesho yake ukawasha ukakuta nini?"

"Karatasi safi. Nikajua imepokea. Kama posta, unatumbukiza barua, haikai mlangoni. Nikaandika ukurasa ya pili. Nikazima. Kesho yake, safi tena."

"Na siku ya tatu?"

"Karani alikuja na haraka yake ya zamu, akaniondoa kwa kiti kabla sijazima."

Yule karani, kwa mazoea tu, alikuwa ametunza ukurasa wa mtu kabla ya kufungua wake. Mungu ambariki popote alipo.

Nikamweleza baba jambo ambalo huwa nawaeleza vijana wanaojifunza kazi dukani kwangu siku ya kwanza kabisa, na ambalo katika miaka yote ya kuvutana sikuwahi kufikiria kumweleza. Kompyuta ina meza na ina kabati. Unachoandika kiko mezani. Meza ni ya umeme, umeme ukiondoka meza inafutwa yote, haibaki hata herufi moja. Ukitaka kitu kikae, lazima uiamuru ikiweke kabatini. Haiweki yenyewe. Bunduki hujaipa amri haipigi, na hii hujaipa amri haitunzi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea afoke. Hakufoka. Aliketi juu ya boksi la kibodi na soksi zake, na akawa mzee palepale, mbele yangu.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka kumi na tisa mimi nadanganya mama yako."

"Hukudanganya, Baba. Hukujua."

"Nilimwambia kurasa tatu. Nilikula kiapo."

Nilitaka kulia na sikutaka anione, kwa hiyo nikamkaripia. Nikamwambia avae viatu, barua ya ukurasa mmoja ni barua. Nikafungua faili huku nimefumba macho kweli, nimegeuza uso ukutani, na yeye akinielekeza: "Kulia. Kulia. Chini. Simama!" Kila neno alilokuwa ameandika lilikuwa na mstari mwekundu chini yake, kwa sababu mashine za zamani hazikujua Kiswahili. Habari ya mistari hiyo niliisikia kwake mwenyewe, akiisema kwa fahari. Alisema hata wakati ule mashine iliona jambo ni zito, ikapigia mstari yote.

Karatasi ikatoka. Akaikunja ikiwa bado na joto, akaiweka kwenye bahasha, kisha akanidai muhuri. Nikagonga muhuri wa duka. Kwa hiyo barua ya toba ya baba yangu ina maneno "Simu na Kompyuta, Mauzo na Matengenezo."

Jumamosi tulifika kwa mjomba mapema. Mafundi walikuwa wameshaanza kuchanganya saruji kando ya kaburi. Baba alikataa kuingia uani. Alisimama kwenye migomba, bahasha mkononi, mpaka mama akatoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. Mama akapokea, akatazama muhuri, akanitazama mimi, akavaa miwani. Yeye hajui kusoma kimoyomoyo. Husoma kwa sauti, polepole, kama anasoma kanisani, kwa hiyo nilisikia bila kuvunja sheria.

"Na hapo ndipo nikakosa. Niliambiwa nilinde, nikalinda. Lakini ile kitu haina miguu, haiwezi kukimbia. Wewe una miguu, ukaenda peke yako. Baba yako alinipa mtoto wake na hakuniuliza kabila. Alipokufa sikumpa hata koleo moja ya udongo. Naomba adhabu. Mimi wako mtiifu. Nakala, faili."

Akageuza karatasi nyuma. Tupu.

"Afande. Ulisema kurasa tatu."

Baba akanyoosha mgongo, visigino vikakutana. "Mbili zimepotea. Nilizima vibaya. Kosa ni langu, si ya kompyuta." Akagusa kofia yake. "Lakini ziko hapa. Kila neno. Nazisema kila siku asubuhi nikinyoa ndevu."

Mama alinigeukia mimi, macho yanawaka. "Wewe umesimama hapa kufanya nini? Nenda ukoroge chungu."

Nikaenda. Nyuma yangu nilisikia sauti ya baba imeanza, chini sana, siyo ile ya gwaride, nisingeweza kuyakamata maneno hata kama ningetaka, na nilitaka. Mpaka leo sijui kurasa mbili za kwanza zinasema nini. Zilichukua muda. Fundi mmoja aliuliza mara mbili kama aendelee.

Jikoni nilifunua chungu. Ndani mlikuwa na malewa, laini kabisa, yanatokota katika karanga. Na malewa hayalainiki kwa saa moja. Yanalowekwa, yanachemshwa, yanamwagwa maji, yanalowekwa tena. Nikamwuliza binti wa mjomba aliyekuwa anapuliza moto haya yamelowekwa lini.

"Shangazi ndiye aliyeloweka," alisema. "Jumatano, alipofika tu. Hata hakupumzika."

Barua nilikuwa nimeichapa Ijumaa.

Nilikuwa bado nimeshika kifuniko mama alipoingia. Macho yake yalikuwa mekundu, na moto ulikuwa hautoi moshi. Alinikuta nimeduwaa mbele ya chungu, akajua nimejua, akaninyang'anya kifuniko.

"Usimwambie," alisema. "Chukua koleo pale nyuma ya mlango, mpelekee mzee. Na umwambie fundi angoje na saruji yake, kuna mtu bado hajaweka udongo."

Nikachukua koleo. Fundi alipoambiwa aliweka mwiko wake chini, akasogea pembeni.